Naomba ushauri: riwaya yangu ya mapenzi inasifiwa, hainunuliwi

Habari zenu wakuu. Riwaya yangu ya kwanza ina miezi mitatu tangu itoke, na kumbe kuiandika kulikuwa rahisi kuliko kuinadi. Nikiweka jalada mtandaoni napata "hongera" kibao, ila wanunuzi ni wale wale, dada yangu na mashoga zake. Juzi nimekaa na meza ya vitabu kutwa nzima. Mmoja akasimama, moyo ukaruka, kumbe anauliza choo kiko wapi. (Mume wangu naye haishi kuuliza yule kijana wa kwenye kitabu ni nani.)

Nawaza kutoa sura 3 za mwanzo bure, zikatike pale wapenzi wanapogombana. Itavuta wasomaji, au nagawa jasho langu? Na wahakiki mnawaombaje maoni bila kuonekana king'ang'anizi?