Hela ya kapu la kanisa na waathirika wa mafuriko wa dini nyingine, tugaweje?

mweka_hazina_moro
Wadau habari za saa hizi. Naomba mawazo maana usharikani kwetu tumegawanyika na Jumapili tunatakiwa tuje na jibu.

Ni hivi, masika hii imeingiza maji nyumba za bondeni huku kwetu Morogoro. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe, ila watu wamepoteza magodoro, vyombo, unga, madaftari ya watoto, unamkuta mtu anaanika cheti cha kuzaliwa juu ya bati. Kanisa likapitisha kapu ibada zote mbili na hela ikapatikana siyo haba. Sasa kwenye kikao mzee mmoja wa kanisa (namheshimu sana, siyo mtu mbaya kabisa) akasema tuanze na washarika wetu, ikibaki ndiyo twende kwa wengine. Anasema aliyetoa alijua anamsaidia ndugu yake katika imani, na hao wengine wana kwao, Waislamu wana msikiti, walokole wana makanisa yao. Akafungua Wagalatia 6:10 pale pale, tuwatendee watu wote mema "na hasa jamaa ya waaminio". Kikao kimya, nani atabishana na andiko.

Kinachonisumbua ni kwamba zile nyumba ni za kupanga, vyumba sita kwenye ua mmoja. Nimpelekee mama wa kwaya godoro halafu mpangaji wa mlango wa pili anayeswali msikitini ananiangalia tu? Na kuna familia hazisali popote, hao "kwao" ni wapi? Nyie huko mnafanyaje?

Binti Kaguru
Mzee kaanzia katikati ya mstari, "watu wote" imetangulia hapo hapo. Na yule Msamaria wa kwenye Luka 10 hajauliza majeruhi anasali wapi, kamfunga vidonda kampandisha punda kampeleka nyumba ya wageni kalipa. Next.

Ngosha wa Bukoba
Mimi niko na mzee, nipigeni mawe tu.

Jamani tuongee ukweli, kanisa dogo siyo shirika la misaada. Hela ya kapu ni ya yule bibi anayeuza karanga, katoa buku lake akijua jirani yake wa jumuiya amelala kwenye tope. Ni kama kikoba, mkiweka akiba pamoja siku ya shida mnaanza na wanachama, hakuna anayeona ni ubaguzi. Halafu hesabu nayo iangalieni, mkigawa mtaa mzima kila kaya itapata nini, kilo mbili za unga na kipande cha sabuni? Mkichukua kaya chache mkazisimamisha kweli kweli, godoro, sufuria, kodi ya mwezi, hao wamenyanyuka. Kumpa kila mtu kidogo ili uonekane mwema mimi sioni ni msaada.

Na msiniambie pelekeni serikalini wagawe wao. Sisi wa Kagera tunakumbuka tetemeko la 10/9/2016, hela za wananchi zinachangwa, haujaisha mwezi viongozi wawili wametumbuliwa na Magufuli kwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Toka hapo mimi mchango wangu napeleka kwa mkono wangu kwa mtu ninayemjua.

abuu_rufiji
Assalaam aleykum na habari zenu wote. Huo mjadala sisi Waislamu tunao miaka yote, na wetu una vipengele. Zaka ya mali ina mafungu yake manane, yametajwa kwenye Sura At-Tawba aya ya 60, na wanazuoni wengi wanasema inakwenda kwa Waislamu, isipokuwa lile fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo zao, yaani wanaovutwa kwenye Uislamu. Hiyo huwezi kuichota ukagawa unavyotaka hata kama roho inakuuma. Lakini sadaka ya kawaida haina mpaka huo, mpe yeyote mwenye shida. Qur'an inawasifu wanaomlisha maskini na yatima na mateka, sasa mateka wa wakati ule alikuwa nani kama siyo mtu wa upande wa pili? Na Al-Mumtahina aya ya 8 inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi kuwafanyia wema wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini.

Kwa hiyo swali langu kwa mweka hazina, siku kapu linapita mlitangaza nini? Kama mlisema "tuwachangie washarika wetu" basi mzee ana haki, hiyo ni amana. Kama mlisema "waathirika wa mafuriko" basi haki ni ya bonde zima, msibadilishe nia hela ikiwa imeshaingia mfukoni.

Nyongeza kidogo. Mwaka 2024 Rufiji na Kibiti maji yalitukuta mwisho mwisho wa Ramadhani, Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili na kuna watu waliisalia kambini. Kuna Wakristo walituletea unga, maharage na sukari na walifika kabla ya futari, wala hawakuleta nyama, maana wangeleta ingezuka habari ya nani kachinja. Mtu aliyefikiria kitu kidogo hivyo unajua kaja kukusaidia wewe.

dada_wa_kambini
Mimi nilijitolea Katesh, yale maporomoko ya mlima Hanang ya Jumapili 3 Desemba 2023, tope limeshuka na magogo na mawe limefagia nyumba na soko. Watu wakawekwa kwenye mashule. Mle ndani Mkatoliki, Mlutheri, Muislamu, mzee wa Kibarbaig asiye na habari na dini yoyote ya kwenye fomu, wote wamelala sakafu moja. Hebu ingia na magodoro ya "wa kwetu tu" uone kama utatoka na amani humo.

Ngosha hoja yako ya kutawanya hela naikubali, ila dawa yake siyo dini, dawa yake ni orodha. Nani amepoteza kila kitu, nani ana mtoto mchanga, nani mgonjwa, nani mzee anaishi peke yake. Mkae na balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa, mpite nyumba kwa nyumba wenyewe mhakiki, maana majina hewa yapo hata kwenye msiba. Halafu wajulisheni kamati ya maafa, kwa sheria ya 2022 zipo kuanzia kijijini na mtaani hadi mkoani, siyo muwape hela, muwape taarifa ili msirundikane wote kwa kaya zile zile. Msilete nguo za mitumba, zinajaa hadi zinakuwa kero. Leteni sufuria, ndoo yenye mfuniko, pedi, nguo za ndani mpya, mkaa. Vitu hivyo wengi wanaona aibu kuviomba.

Na tafadhali msiwakalishe watu kwenye mahubiri ndipo wapate unga, nilishaona kikundi kinafanya hivyo, sikitaji, kina mama wana njaa wanaimbishwa pambio kwanza. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na wenzao waliandika maadili ya kazi hii, wakasema msaada unafuata uhitaji tu na usitumike kuendeleza msimamo wa kidini, na walioshiriki kuyatunga ni pamoja na Caritas na Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Kwa hiyo mwambie mzee Walutheri wenyewe walishasaini.

Mkamba Halisi
Nawasoma nikiwa Machakos. Hapa barabara ya Mombasa kuna hekalu la Masingasinga pale Makindu, ukiingia unakula bure chai chapati dengu, na ukichoka unapewa pa kulala, hakuna anayekuuliza uko dini gani, unavua viatu na kufunika kichwa basi. Hilo liko toka 1926. Mimi ni wa kanisa la AIC na sijawahi kutoka pale nikiwa Singasinga, kwa hiyo wale wanaogopa kusaidia wengine ati imani itachanganyika wapunguze presha.

Ngosha wa Bukoba
@dada_wa_kambini ya orodha nimekuelewa. Ila msharika aliyepoteza kila kitu awe juu kwenye orodha, hapo sirudi nyuma.

dada_wa_kambini
Kama kapoteza kila kitu atakuwa juu tu, hata bila wewe kumpandisha.

mweka_hazina_moro
Asanteni sana. Swali la abuu limenifanya nikatafute tangazo, na katibu kaliandika kwenye kitabu, "mchango wa waathirika wa mafuriko ya bondeni", hakuna neno washarika. Nimempigia mzee, kakaa kimya kidogo akasema basi kapu liende kwa orodha ya mtaa, ila mfuko wa diakonia (wa kusaidia wahitaji) uliokuwepo toka zamani ubaki kwa washarika. Naona ni haki. Kesho tunapita na balozi, na nimemuomba imamu wa pale chini atupe kijana mmoja tuzunguke naye.

Kinachogomba sasa ni bango. Vijana wa media wameshalilipia, mita tatu, jina la usharika limejaa lote, na hela wametoa kwenye hilo hilo kapu.