Wifi Yuko Getini, Wi-Fi Imelala

*Kikundi: Nyumbani Kwetu*

Jumamosi

Shangazi: Nimepiga honi hapo getini mpaka mbwa wa jirani wakachoka kunibwekea. Kamera nne mmefunga za nini?

Mama: Wifi yangu nisamehe. Simu imeniletea taarifa "kuna mtu getini" wewe ukiwa umeshakaa sebuleni, viatu umevua

Mama: Na nikiifungua picha inazunguka tu, inazunguka, halafu inaganda

Baba: Wifi mbovu hiyo. Kesho nawapigia hao wenye mtandao, wanakula hela ya bure

Shangazi: Mbovu nani? 😠

Baba: Wi-Fi, dada. Ya hewani. Wewe mzima

Kassim: 😂😂😂😂

Idi: Shikamooni. Baba usiwapigie kwanza. Salma upo nyumbani? Simama karibu na ruta, pima kasi, nitumie namba zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha

Baba: Marahaba

Salma: Kushusha 38, kupandisha 4.6

Baba: 38 si nyingi hiyo? Mbona TV inaonyesha safi

Idi: TV inashusha, ndiyo maana hailalamiki. Kazi ya kamera ni kupandisha. Inachukua picha, inaituma kwenye seva, yaani kompyuta iliyo huko mtandaoni, simu ya Mama inakwenda kuichukua huko. Kamera moja ya ubora wa 1080p inataka kama megabiti 2 kwa sekunde. Zikituma zote nne kwa pamoja ni 8, na njia yenu ya kupanda ni 4.6

Mama: Kwa hiyo zinagombania mlango

Idi: Hasa. Na taarifa ya mtu getini nayo iko kwenye foleni hiyohiyo

Baba: Mwezi uliopita zilikuwa zinakwenda vizuri. Kamera zilezile, ruta ileile

Idi: Hapo umeuliza la maana baba. Kuna mtu amegusa mipangilio?

Salma: Kassim anaandika, anafuta, anaandika, anafuta

Kassim: Nilipandisha ubora tu. Na nikaweka zirekodi muda wote badala ya mtu akipita. Picha ilikuwa na ukungu kaka

Idi: Zote nne?

Kassim: Zote nne

Baba: Kassim.

Kassim: Naam baba

Idi: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

Mama: Andika mwanangu, hizo sauti zako huniacha njiani

Idi: Haya. Rudisha 1080p. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha, hatumrekodi mwizi akicheza mpira. Kwenye njia ya kubana video, ukiona H.265 chagua hiyo, inabana picha kuliko H.264. Kurekodi muda wote kufanyike kwenye memori kadi iliyo ndani ya kamera, kwenye seva ipande tu mtu akionekana

Kassim: Sawa kaka

Jumapili

Salma: Ya nyuma, ya jikoni na ya stoo zimetulia. Ya geti bado

Kassim: Niihamishie kwenye mawimbi ya 5 GHz ya ruta? Si ndiyo yenye kasi

Idi: Acha. Ina kasi ukiwa karibu, ukuta mmoja miwili imeishiwa nguvu. Na kamera nyingi za hivi hazina hata hiyo 5, zinajua mawimbi ya 2.4 GHz peke yake. Simu na TV ndizo zihamie 5, zipishe njia. Angalia kwenye ruta, 2.4 iko chaneli gani?

Kassim: 3

Idi: Weka 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Ukikaa 3 unapata kelele za wa 1 na za wa 6 kwa pamoja

Kassim: Majirani wawili wako 1, mmoja 6. Nimeweka 11

Mama: Imeganda tena jamani. Baba yenu kaingia na gari, nimeona taa tu basi

Baba: Tununue ripita, kile kifaa cha kurefusha Wi-Fi, yaishe

Idi: Ripita nyingi zinapokea na kurusha kwa redio ileile, kasi inabaki kama nusu. Tuiweke ya mwisho

Salma: Ngojeni. Nimekaa kibarazani nusu saa naiangalia hii kamera. Geti likiwa limefungwa picha inatembea. Likifunguliwa tu, inaganda. Likifungwa inarudi

Shangazi: Hilo geti lina mdudu

Idi: Salma, si ni lile la kusukuma? Linakwenda upande gani?

Salma: Kushoto. Linapita nyuma ya nguzo ya kamera

Idi: 🤦🏾

Idi: Fungua ukurasa wa kamera, kuna namba ya nguvu ya mawimbi yenye alama ya kutoa. Nisomee limefungwa, kisha wazi

Salma: Limefungwa -70. Wazi -85

Baba: 85 si ndiyo kubwa?

Idi: Ni hasi baba, ichukulie kama deni. -70 inasukuma siku, -85 ni kama haina mtandao. Bati zima la geti linasimama kati ya kamera na ruta. Yaani kamera inapofuka pale pale mtu anapoingia

Mama: Na sisi tukawa tunamlaumu mtoto

Baba: Mtoto naye alistahili

Idi: Ipandisheni juu ya kimo cha geti. Na ruta itoeni nyuma ya TV, ikae juu ya kabati, wazi

Mama: Zile waya zitaonekana na wageni

Idi: Mama chagua, waya au wezi

Mama: …haya

*Saa mbili baadaye*

Kassim: Baba yuko juu ya ngazi, mimi nashika. Anasema nisiguse simu

Salma: Limefungwa -61, wazi -66. Nimemwambia Kassim asukume geti mara sita, picha haijakatika hata mara moja

Jumatano

Shangazi: Nipo getini. Sipigi honi, nawapima

Mama: Tumekuona wifi, taarifa imefika hata gari hujazima. Rangi ya mdomo imependeza, ila futa hapo pembeni kushoto, imevuka mpaka

Shangazi: Rudisheni ile mbovu