Tupeane uzoefu: umepasuliwa tumbo, shida ikatokea kwingine kabisa

Kobe: Wakuu, naanza mimi. Nilitolewa kipande cha utumbo mpana kwa njia ya matundu madogo, bila kufunguliwa tumbo lote. Siku ya 5 nikaruhusiwa: kidonda kikavu, nimeshajamba (aliyepasuliwa tumbo anaijua furaha hiyo). Siku ya 16 navaa soksi, ya kushoto inabana, ya kulia inaingia vizuri tu. Kigimbi kimevimba, kina joto. Nikasema nimekilalia. Usiku kupanda ngazi pumzi ikakata, na kila nikivuta hewa kifua kinachoma upande mmoja. Damu ilikuwa imeganda mguuni, bonge likasafiri hadi kwenye mapafu. Na sindano za kuzuia damu kuganda nilipewa nijichome nyumbani hadi zitimie siku 28. Niliziacha kwa sababu zinaacha madoa tumboni. Ujinga wangu.

Nungunungu: Pole mkuu. Mzee wangu siku ya pili baada ya upasuaji wa utumbo alianza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake, huku anachuna shuka. Tukaambiwa ni uzee. Uzee gani wa kuingia usiku mmoja? Nesi wa zamu akambonyeza chini ya kitovu, kibofu kigumu kama mpira. Tangu mrija wa mkojo utolewe asubuhi alikuwa hajakojoa. Ukarudishwa, na kufikia kesho yake ananitukana kwa jina langu halisi.

Mama Pacha: Yangu ilichukua miaka. Nilitolewa tumbo la chakula lote. Mwaka wa 4 nyayo zikawa kama nakanyaga pamba, ulimi mwekundu, laini, unawaka. Nimezunguka kwa wa mifupa, kwa wa meno, hakuna aliyeuliza lile kovu ni la nini. Kumbe bila tumbo mwili haufyonzi vitamini B12, nilikuwa naishi kwa akiba ya ini. Sasa nachomwa sindano kila miezi 3. Ulimi umepona, nyayo nusu nusu.

Msomaji kimya: Mie kifuko cha nyongo, matundu pia. Bega la kulia liliuma siku mbili nikajua moyo. Ilikuwa ile gesi wanayojazia tumbo wakati wa kupasua kwa matundu. Iliisha yenyewe.

Kobe: Hilo la bega nililipata hata mimi, siku za mwanzo. Ndiyo maana kifua kilipochoma nikajiambia ni gesi tena.

Nungunungu: Gesi, siku ya 16?

Kobe: Ndivyo alivyoniuliza daktari.