Kumtembelea rafiki anayechora kuta kwa stensili Paris: niende wiki ya kukata au wiki ya kupuliza?

mwana_tanga
Wanajukwaa, salaam. Rafiki yangu niliyesoma naye Tanga anaishi Vitry-sur-Seine, kusini mwa Paris, na kazi yake ni kuchora sura za watu kwenye kuta za maghorofa kwa stensili, yaani karatasi iliyokatwa matundu ambayo rangi hupulizwa kupitia kwayo. Amenialika mwezi Juni na kunipa wiki mbili nichague moja: katika ya kwanza atakuwa karakana akikata karatasi, na katika ya pili atakuwa ukutani akipuliza rangi. Mimi ni mwalimu wa sanaa, na ninataka kurudi na ufundi ambao wanafunzi wangu wataweza kuutumia kwenye ukuta wa shule, wenye kimo cha mita tatu hivi. Mngekuwa ninyi, mngechagua wiki ipi? Je, kuna kuta ambazo sipaswi kuondoka bila kuziona?

fundi_wembe
Mwalimu, nenda wiki ya kukata. Mpita njia huona rangi, lakini picha ya stensili huamuliwa mezani, kabla kopo la rangi ya kupuliza halijatikiswa. Mwombe mwenyeji wako akuoneshe anavyolikata jicho. Ukilitoboa duara la mboni lote kwa mara moja, kile kidoa cha nuru kilicho katikati, ambacho ndicho kinachoufanya uso uonekane hai, huanguka pamoja na kipande. Kwa hiyo ama huachwa mshipi mwembamba wa karatasi wa kukishikilia, ama hupelekwa kwenye karatasi nyingine itakayopuliziwa baadaye, juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Tazama pia mpangilio wa mkono wake: sehemu ndogo kama kope na mikunjo ya midomo hutangulia, kwa sababu karatasi ikishatobolewa matundu makubwa hulegea, na wembe ukipita huchanika. Hayo yote wanafunzi wako wanaweza kuyafanya kwa karatasi ya manila, chini ya usimamizi wako, hata kabla shule haijapata fedha za rangi.

rangi_na_ukuta
Ninayaheshimu maoni ya ndugu aliyetangulia, lakini sikubaliani naye. Kukata sura yenye ukubwa wa daftari mtu hujifunza popote. Kisichofundishika mezani ni namna karatasi nyingi zinavyoungana kuwa uso mmoja. Kila karatasi ina namba yake na alama pembeni, na ya chini ikihama kwa upana wa kidole tu, ukifika safu za juu utakuta pua imeachana na shavu. Halafu kuna upepo, ambao huinua ukingo wa karatasi, rangi ikapenya chini yake, na mstari uliokatwa kwa uangalifu mkubwa ukawa ukungu. Ndiyo maana kopo huelekezwa ukutani moja kwa moja bila kuinamishwa, mkono ukitembea bila kusimama, na rangi ikawekwa nyepesi nyepesi, kwa sababu ikizidi huchuruzika. Uvae barakoa yenye vichujio vya kaboni. Ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi.

Muulize vilevile kama ukuta una kibali. Nchini Ufaransa, kuchora bila idhini, hata pale uharibifu unapohesabiwa kuwa mdogo, kunaweza kukutoza faini ya hadi euro 3,750, na mgeni mwenye viza ya matembezi hana sababu ya kujitia humo. Blek le Rat, msanii wa stensili aliyeanza kupuliza picha za panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981, alikamatwa mwaka 1991, na baada ya hapo akageukia picha anazozikamilisha kwanza karakana kisha kuzibandika.

mkazi_wa_13
Nimeishi mtaa wa 13 wa Paris kwa muda mrefu na kuta hizi ninazipenda sana, kwa hiyo nitajibu swali la pili. Anza na uwanja wa Stravinsky, kando ya jumba la sanaa la Centre Pompidou, ambako msanii wa stensili Jef Aérosol alichora mwaka 2011 uso mkubwa wa mtu aliyeweka kidole mdomoni, picha yenye eneo la mita za mraba 350 hivi. Usome kwanza ukiwa mbali, kisha usogee hadi uso upotee na yabaki mabaka ya weusi na weupe. Hapo utaelewa fundi wa stensili analazimika kuamua nini kibaki na nini kiachwe. Kisha panda metro ya njia ya 6, ambayo hapa kwetu hupita juu ya barabara, ushuke kituo cha Nationale, umwone paka wa buluu aliyechorwa ukutani na msanii wa stensili anayejiita C215. Vitry kwenyewe kuna kazi nyingi ndogo za msanii huyo, na mwenyeji wako hatakosa kuzijua.

Kuhusu wiki, ninaungana na fundi_wembe. Ukuta wa mita tatu hauhitaji lifti ya kumwinua mchoraji. Karatasi chache zilizounganishwa vizuri zitautosha, na alama za kuziunganisha huchorwa karakana, wakati huohuo wa kukata. Mwombe rafiki yako mpulize sura moja ndogo kwenye ubao siku ya mwisho, kwa makopo yaliyobaki.