Saa ya Seiko niliyomnunulia baba mtandaoni ni bandia: nianzie wapi kudai fedha zangu?

BintiMwalimu (Kisumu):

Hamjambo ndugu na dada. Ninaomba mwongozo kuhusu jambo ambalo limeniumiza sana. Baba yangu, aliyefundisha shule za msingi huko Kakamega kwa zaidi ya miaka thelathini, amestaafu mwaka huu, nami nikaona hakuna zawadi inayomfaa kuliko saa ya Seiko 5, ile isiyotumia betri bali hujipatia nguvu kutokana na mwendo wa mkono, kwa kuwa aliwahi kuwa nayo na akaiuza nilipokuwa nikiingia kidato cha kwanza. Niliipata kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyenihakikishia kuwa ni halisi na ina dhamana ya mwaka mmoja. Nikamtumia shilingi 9,500 kwa M-Pesa, na parseli ikanifikia kwa matatu kutoka Nairobi siku ya pili yake.

Wiki mbili baadaye saa ilisimama. Nilimpelekea fundi hapa mjini, naye alipofungua kifuniko cha nyuma tukakuta betri ndogo imeshikwa na plastiki. Muuzaji sasa anasema saa iliondoka kwake ikiwa halisi, na kwamba fundi wangu ndiye aliyebadilisha mashine. Nilituma ujumbe wa malipo kwa 456, nambari ya M-Pesa ya kuomba fedha zirudishwe, nikitumaini fedha zitarudishwa, lakini sikufanikiwa. Wenzangu kazini wananishauri niiuze kwa mtu mwingine ili nipunguze hasara. Je, nifanye nini?

FundiSaa (Kibuye):

Pole sana dada. Ninatengeneza saa, na kila mwezi huletewa Seiko za namna hiyo, kwa hiyo nitakueleza yale ninayoyatazama mimi, kwa sababu muuzaji amekurushia hoja inayoweza kujibiwa na saa yenyewe.

Tazama maandishi ya kifuniko cha nyuma. Ikiwa pameandikwa 7S26, basi hiyo ni mashine ya otomatiki yenye vito 21 (vijiwe vidogo vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine), na mashine hiyo haina mahali pa kuweka betri. Karibu na ukingo wa chini wa uso wa saa huwa pana maandishi madogo mno yanayoanza na nambari ya mashine, na inafaa yaafikiane na ya nyuma. Kisha kuna nambari ya utambulisho yenye tarakimu sita, ambayo tarakimu yake ya kwanza huonyesha mwaka na ya pili mwezi wa kutengenezwa. Wanaoghushi huchonga nambari moja kwenye saa nyingi, na mimi nimewahi kuwa na saa tatu za watu tofauti mezani zikiwa na nambari ileile.

Lakini jambo ninalotaka ulifanye leo, kabla ya jingine lolote, ni hili. Je, tangazo lake lilikuwa na video? Kama ilikuwepo, ihifadhi sasa hivi kabla hajaifuta, kisha utazame mshale wa sekunde. Mashine ya 7S26 hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, na kwa sababu hiyo mshale wake huonekana kama unateleza. Mshale wa saa ya betri kama hiyo uliyoielezea huruka mara moja kwa sekunde na kusimama. Ninakutahadharisha kwamba mshale unaoteleza peke yake si ushahidi wa uhalisi, kwa maana siku hizi ziko bandia zenye mashine ya kimekanika ya bei rahisi. Ila mshale unaoruka kwenye saa iliyoandikwa 7S26 hauna utetezi wowote.

MkaziWaSection58 (Nakuru):

Dada, kwanza tuliweke sawa suala la 456. Huduma hiyo imekusudiwa mtu aliyekosea nambari, wala haiamui ubishi kuhusu ubora wa bidhaa, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu haikukusaidia.

Mwaka jana niliuziwa viatu vya ngozi ambavyo havikuwa vya ngozi, nikajifunza kwamba muuzaji wa namna hii huogopa maandishi kuliko makelele. Mwandikie barua fupi ya madai. Taja tarehe, kiasi ulicholipa, nambari ya muamala na maneno yake mwenyewe kwamba saa ni halisi, halafu umpe siku saba za kurejesha fedha. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha bila wakili. Ugumu mkubwa utakuwa kumtambua mtu aliye nyuma ya nambari ya simu, ndiyo maana ninasisitiza upige ripoti kituoni na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, maana kujipatia fedha kwa hila ni kosa la jinai.

MamaWawili (Bungoma):

Mwanangu, tafadhali usiiuze saa hiyo. Ukishajua ni bandia kisha ukamuuzia mwingine, wewe ndiwe unayekuwa muuzaji wa bidhaa ghushi. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano hata kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya bidhaa. Na zaidi ya sheria, huyo utakayemuuzia naye ana baba. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ina ofisi hapo Kisumu, wapelekee taarifa.

BintiMwalimu (Kisumu):

Ninawashukuru nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kuleta habari kamili.

Fundi, video ilikuwepo. Niliihifadhi usiku uleule, na asubuhi yake ilikuwa imefutwa. Niliitazama mara nyingi nikihesabu, na mshale unaruka sekunde moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, wakati sauti yake mwenyewe inasema kwamba saa haihitaji betri maishani. Nyuma pameandikwa 7S26 kama ulivyosema, nayo maandishi madogo ya usoni hayapo kabisa. Fundi wangu alinipa maelezo yaliyotiwa sahihi kuhusu alichokikuta ndani.

Niliandika barua, nikaambatisha video na nambari ya OB, na kumweleza kuwa siku ya nane nitawasilisha madai mahakamani. Kwa siku tano hakujibu. Siku ya sita akaniambia nimrudishie saa kwanza, nami nikamjibu kwa maandishi kwamba siwezi kuuachia ushahidi wangu mkuu kabla sijaona fedha. Jana jioni alituma shilingi 9,500 zote, wala hakuitaja tena saa. Jumatatu nitaipeleka ofisi ya Mamlaka pamoja na nakala ya video, ingawa fedha zimerudi, kwa sababu tangazo lake jipya, lenye picha tofauti, lingalipo mtandaoni.

Kilichoniwia vigumu ni kumvua baba saa hiyo mkononi na kumweleza sababu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba twende dukani pamoja Jumamosi, ili safari hii aitazame mwenyewe kabla sijalipa.