Mkanda wa jeshi uligusa ngozi tu, diski imegusa ngozi na misuli: kwa nini?

Mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa pili

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Mwaka jana mjomba wangu aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalianzia mgongoni, yakazunguka ubavu wa kushoto katika usawa wa chuchu, yakakoma katikati ya kifua kana kwamba yamewekewa mpaka. Maumivu yalikuwa makali, lakini hakuna msuli uliolegea. Sasa mama yangu anaumwa kiuno, maumivu yanashuka mguu wa kulia hadi juu ya unyayo, kidole gumba cha mguu kina ganzi na hawezi kukiinua vizuri. Daktari amesema kwamba diski, yaani kile kitakia kilicho kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza na kubana neva ya tano. Ikiwa wote wawili wameguswa neva za uti wa mgongo, kwa nini mjomba aliumia ngozi peke yake? Na kwa nini ibanwe neva ya tano, ilhali ya nne ndiyo inayotokea kati ya pingili hizo?

Mtaalamu wa fiziotherapia

Marahaba. Neva hizi ni jozi 31: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno) na 1 ya kifandugu. Kila moja huundwa na mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huleta hisia kutoka kwenye ngozi, viungo na misuli, na wa mbele hupeleka amri kwenye misuli. Seli za hisia hukaa katika fundo dogo lililo kwenye mzizi wa nyuma, na humo ndimo virusi vya tetekuwanga hujificha kwa miaka mingi baada ya mtu kupona. Vikiamka hufuata neva ya fundo hilo hadi kwenye ngozi yake, na kwa mjomba wako, usawa wa chuchu ni eneo la neva ya nne ya kifua. Mzizi wa mbele kwa kawaida hunusurika, ingawa mara chache misuli nayo hudhoofika. Diski, kinyume chake, hukandamiza mizizi yote miwili mahali inapopita pamoja.

Kuhusu swali lako la pili, neva ya nne hutokea juu kidogo ya usawa wa diski, hivyo mara nyingi huponyoka. Ya tano ndiyo iliyo bado ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, ikishuka nyuma ya diski hiyo kuelekea tundu lake la chini. Usiihamishie kanuni hii shingoni, kwa sababu huko pingili ni 7 na neva ni 8, na neva 7 za kwanza hutokea juu ya pingili yenye namba yake.

Tabibu wa wilayani

Ninaongeza jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea, nami nililikosea kwa muda mrefu. Ramani ya ngozi vitabuni ina mipaka mikali, lakini mwilini maeneo hayo hupandana. Sherrington, mwanafiziolojia Mwingereza, mwishoni mwa karne ya 19, alikata mizizi ya nyani juu na chini ya mzizi mmoja aliouacha mzima, akaona kuwa eneo lake huingia katika maeneo ya majirani. Misuli nayo, kwa sehemu kubwa, hupata neva kutoka mizizi miwili au zaidi. Ndiyo maana mama hajapoteza kabisa hisia wala nguvu.

Hata hivyo, unyayo hulegea pia neva ya pembeni ikibanwa chini kidogo ya goti, upande wa nje. Ili kutofautisha, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ainue mguu wa kulia kuelekea juu huku ukiuzuia kwa mkono, kisha ageuze unyayo kuelekea ndani. Misuli mikuu ya kazi hizo mbili hutegemea sana mzizi wa tano wa kiuno, lakini haipati chochote kutoka neva ile ya pembeni.

Muuguzi

Mwanangu, muulize mama bila kuona haya kama anakojoa kama kawaida, na kama anahisi anapojifuta. Mkojo ukizuilika, au ganzi ikienea sehemu za siri na makalioni, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa pili

Nimemuuliza na kumpima jioni hii. Mkojo ni wa kawaida na hana ganzi huko. Nyonga ni dhaifu, unyayo haugeuki vizuri kuelekea ndani, lakini nilipogonga kano ya kisigino unyayo ulishtuka sawasawa na wa kushoto, kwa hiyo mzizi wa kwanza wa sakramu, ambao mshtuko huo huutegemea, unaonekana kuwa salama. Nitamweleza daktari wake kesho asubuhi.