Tupeane uzoefu: kuchanganya rosella, kitunguu swaumu na mlonge kwa ajili ya presha

Wakuu, Kariakoo zimejaa chupa za "presha, figo na moyo" zisizosema ndani mna nini. Hapa tuweke vipimo: mmea gani, sehemu gani, kiasi gani, unagombana na dawa ipi. Shuhuda za "nimepona" hapana.

Mdau 1: Rosella (choya) ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka. Utafiti wa Marekani wa 2010 uliwapa watu vikombe 3 kwa siku, mililita 240 kila kimoja, kwa wiki 6. Namba ya juu ya presha (ile inayosomwa kwanza) ilishuka kama pointi 7. Ila presha zao zilikuwa zimepanda kidogo tu na hawakuwa kwenye dawa. Mwenye namba ya juu 170 asitegemee chai. Kijiko kidogo cha choya kavu, maji ya moto, funika dakika 5 hadi 10. Epuka sufuria ya alumini, ule uchachu unaila. Sukari usitie.

Mdau 2: Kitunguu swaumu: ponda punje 1 au 2, uache dakika 10 ndipo kiguse moto. Alisini, kile kiini chake chenye kazi, hutengenezwa baada ya kupondwa. Ukikitupa kizima kwenye maji yanayochemka umebaki na harufu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini au aspirini, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kwanza, kwa sababu damu huchelewa kuganda.

Mdau 3: Na mlonge tukiutia humo humo?

Mdau 1: Usivitie vyote siku moja. Presha ikiporomoka ukapata kizunguzungu, utamlaumu nani? Anza na kimoja kwa wiki 4, pima asubuhi na jioni: kaa dakika 5, mkono usawa wa moyo, andika. Unga wa mlonge una potasiamu nyingi. Kwa mgonjwa wa figo anayemeza losartan (dawa ya presha ambayo nayo hubakiza potasiamu mwilini) ni hatari. Na ukiona urukususi (mzizi mtamu, licorice) kwenye mchanganyiko, rudisha. Unashikilia chumvi mwilini na kupandisha presha yenyewe!

Mdau 4: Habari nyingi za "kulinda figo" zimetoka kwa panya wa maabara. Kinacholinda figo ni presha kushuka na kubaki chini. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na protini ya mkojo, dawa ya presha kama amlodipine usiiache kienyeji. Presha ikifika 180/120 na kifua kinauma au mdomo umepinda, hospitali saa hiyo hiyo.

Mdau 2: Chai ya rosella ikibaki, friji. Kwa joto la Dar inachacha upesi.